Serengeti Peke Yake Haitoshi

Mwaka 2021 Tanzania ilipokea watalii 922,692 kutoka nje ya nchi. Mwaka 2024 walifika 2,141,895, idadi ambayo nchi haikuwahi kuifikia kabla ya hapo. Dunia ilikuwa imefunguka baada ya UVIKO-19, na filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyeji wa wageni, ilisaidia kulitangaza jina la nchi. Ni mafanikio ya kweli na hayana sababu ya kubezwa. Lakini kuhesabu vichwa vinavyopita uwanja wa ndege hakujibu maswali yanayomhusu zaidi mtu anayezipenda mbuga hizi: wageni wanakwenda wapi, wanafanya nini wakifika, na nani anabaki na chochote wakishaondoka? Si wote wanaokwenda mbugani, ila wale wanaokwenda wengi wao hupita njia ileile: Arusha, Tarangire au Manyara, Ngorongoro, Serengeti, kisha ndege ya Zanzibar. Wengine hupanda Kilimanjaro kwanza. Nchi yenye hifadhi za taifa 21 inaishi kwa jasho la hifadhi chache za kaskazini. Hoja ya makala haya ni kwamba hali hiyo inazichosha hifadhi chache na kuziacha nyingine bila ulinzi wa kutosha, tena inawanyima wananchi walio wengi sababu ya kuutetea uhifadhi. Dawa yake ni kuitandaza safari: ifike kusini na magharibi, ifanywe kwa miguu na kwa boti, na iwafikie Watanzania wenyewe.

Msongamano huu una historia. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatenganishwa nayo ili wafugaji na wanyamapori waishi humo pamoja. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu kuhusu Serengeti aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, aliyefariki katika ajali ya ndege wakati kazi ya kuhesabu wanyama ikiendelea. Filamu ilishinda tuzo ya Oscar, na Serengeti ikajulikana Ulaya na Marekani kabla Tanganyika haijapata uhuru. Nairobi nayo ilikuwa jirani, ikiwa na hoteli, ndege na kampuni za utalii. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, na Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, moja ya hesabu zilizokuwepo ilikuwa kuwafanya wageni waanzie safari zao Arusha badala ya Nairobi. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini kufikia hapo njia ilikuwa imeshachongwa. Karakana za magari ya utalii, loji, mafundi wa mahema, wapishi wa kambi na waongoza watalii wanaojua lugha za kigeni vyote vilijikusanya Arusha na Moshi. Hakuna kikao kilichoamua kuwa Ruaha au Katavi hazina thamani. Fedha ilifuata mahali ilipoiona fedha nyingine, na kila mwaka pengo likazidi kupanuka.

Matokeo yake yanaonekana wazi Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kati ya Julai na Oktoba nyumbu wanapovuka Mto Mara. Magari husimama nyuma ya vichaka, injini zimezimwa, madereva wakisikiliza redio. Kundi husogea ukingoni, wa mbele hunusa maji, hurudi nyuma, husogea tena, na kusita huko kwaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Anaposhuka wa kwanza, magari nayo hutoka kwa mkupuo kuwania nafasi. Gari moja likiziba njia wanayoshukia au wanayopandia ng'ambo, walio majini hukosa pa kutokea na walio nyuma yao hugeuka. Julai 2025 zilisambaa picha za video zikionesha wageni walioshuka kwenye magari na kusimama palepale nyumbu walipotaka kupita, hata Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) likalazimika kutoa kauli. Kumlaumu dereva pekee ni kurahisisha mambo. Dereva amebeba watu waliolipa fedha nyingi, wana usiku miwili tu Serengeti, na wameahidiwa picha moja mahususi. Bakshishi yake, na pengine ajira yake ya msimu ujao, vinategemea kama ameipata picha hiyo. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, kwa hiyo nafasi ipo. Tatizo limezaliwa na biashara inayowapeleka watu wote kwenye kona moja ya mto katika wiki zilezile.

Wapo watakaosema kwamba bei inatosha kulitatua jambo hili. Kaunti ya Narok nchini Kenya imejaribu njia hiyo: tangu 2024 mgeni wa nje anayeingia Maasai Mara kati ya Julai na Desemba hulipa dola 200 kwa siku. Bei kubwa huongeza mapato kwa kila kichwa, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo bei humchuja asiye na fedha, bila kuyahesabu magari yaliyoko ukingoni saa hiyo. Kinachofanya kazi ni ukomo unaosimamiwa. Huko Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, wageni huwaendea sokwe kwa vikundi vya watu wasiozidi sita, hukaa nao saa moja, na huvaa barakoa kwa sababu maradhi ya binadamu ya njia ya hewa huwaua sokwe. Uganda inapeleka watu wasiozidi wanane kwa kila familia ya sokwe wa milimani wa Bwindi, nao kwa saa moja tu. Katika sehemu zote mbili ukomo haukuua biashara. Umeifanya saa hiyo moja iwe na thamani kubwa, na mgeni huona fahari kuwa mmoja wa wachache. Hakuna sababu ya kimaumbile inayozuia vivuko vya Mto Mara kuwekewa idadi ya magari, zamu, na askari wa uhifadhi mwenye mamlaka ya kumrudisha atakayekaidi. Ila ukomo ukiwekwa kaskazini, wageni watahitaji pengine pa kwenda, na hapo ndipo nchi iliyobaki inapoingia katika hesabu.

Nchi hiyo iliyobaki si ya kujazia pengo. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba 30,893, zaidi ya mara mbili ya Serengeti, na ndani yake mgeni huweza kupanda boti Mto Rufiji na kupita polepole kati ya viboko, mamba na ndege wa majini. Kitulo, katika nyanda za juu kusini, ni hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya maua. Saadani inakutanisha mbuga na bahari. Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Mgeni hupanda kupitia msitu mnene hadi maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka takriban mita 170 kwa ngazi, na akisimama kukata kiu huenda akasikia mbega wekundu wakirukaruka juu ya kichwa chake. Humo anaishi kima ambaye wenyeji walimjua kwa jina la n'golaga kabla wanasayansi hawajamtambua mwaka 1979. Walimtambua baada ya kusikia sauti yake na kuambiwa na mwenyeji kuwa ni nani. Mambo mengi ya aina hiyo hayamfikii mtu aliyeketi garini. Kutembea humfanya mgeni amtegemee mwongoza njia anayeijua milio, nyayo na miti, na maarifa ya kijijini hugeuka kuwa bidhaa inayolipiwa.

Kutembea pia huajiri. Kilimanjaro ni ushahidi tosha. Gari moja la utalii hubeba wageni sita kwa dereva mmoja, wakati mgeni mmoja anayepanda mlima kwa njia ya Machame au Lemosho huhitaji mwongozaji, mpishi na wapagazi kadhaa, ambao Moshi huwaita wagumu. Ni kweli kwamba ajira hiyo imekuwa na dhuluma zake. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, ndiyo maana mizigo hupimwa kwenye mizani langoni, lakini kanuni haimsaidii mgumu ambaye kampuni yake inampunja ujira, inamlaza kwenye hema bovu au inamlisha mara moja kwa siku. Dhuluma hizo ni hoja ya kusimamia kazi vizuri zaidi, kwa mikataba ya maandishi na adhabu kwa kampuni zinazokaidi, wala haziondoi ukweli kwamba safari ya miguu hugawa fedha kwa mikono mingi. Njia za matembezi za Usambara, Uluguru na Udzungwa zikijengwa kwa uangalifu, vijana wa Lushoto, Morogoro na Mang'ula wangepata kazi bila kuhamia Arusha.

Upo pia ushahidi kuwa mahali pasipo na wageni huwa hatarini. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000, na sehemu kubwa ya maangamizi hayo ilitokea Selous na katika ikolojia ya Ruaha na Rungwa, wakati idadi katika ikolojia ya Serengeti haikuporomoka. Itakuwa kosa kusema wageni wenye kamera ndio waliowaokoa tembo wa Serengeti. Ukubwa wa Selous, bajeti ndogo, rushwa na mitandao ya pembe za ndovu vyote vilichangia. Hata hivyo ni jambo la kuzingatia kuwa sehemu kubwa ya Selous ilikuwa vitalu vya uwindaji vilivyokaa bila mtu miezi mingi, na utalii wa picha ulikuwa kwenye eneo dogo upande wa kaskazini. Mahali penye barabara zinazopitika, kambi zenye watu na marubani wanaotua kila siku, mzoga wa tembo hauwezi kulala wiki tatu bila mtu kuuona. Wageni huleta macho, na mapato ya viingilio huleta mafuta ya gari la doria.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja ya kuitandaza safari ni la wafanyabiashara: mgeni anayevuka bahari mara moja maishani anataka nyumbu, simba na kreta ya Ngorongoro, wala hatakubali kubadilishiwa na maua ya Kitulo. Wana haki. Hakuna anayependekeza mgeni wa mara ya kwanza anyimwe Serengeti. Kinachopendekezwa ni kumwongezea siku, kwa kuwa mwenye usiku miwili Serengeti na usiku mitatu Ruaha anatumia fedha nyingi zaidi nchini kuliko yule wa usiku miwili tu, na kumpa aliyekwisha kuja sababu ya kurudi. Nchi inayouza tukio moja hubaki mateka wa tukio hilo. Mvua zikichelewa, nyumbu huchelewa, na vitanda vilivyouzwa kwa ahadi ya kuvuka mto hubaki na wageni wenye manung'uniko.

Pingamizi la pili ni gharama. Kusini ni mbali, barabara za ndani hukatika masika, na ndege ndogo ni ghali. Hilo lilikuwa na nguvu zaidi miaka kumi iliyopita kuliko sasa. Tangu 2024 treni ya SGR inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma, na kutoka Morogoro hadi lango la Mikumi ni mwendo mfupi wa barabara ya lami. Reli ya TAZARA inapita karibu na Udzungwa. Vipande vipo, kinachokosekana ni kuviunga. Lakini fedha za miundombinu peke yake hazitoshi, na mradi wa REGROW umetufundisha hilo kwa uchungu. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 mwaka 2017 kwa ajili ya utalii wa Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo la Selous ambalo sasa ni Nyerere. Aprili 2024 ilisitisha kutoa fedha kutokana na madai kwamba wakazi wa jirani na Ruaha walitendewa ukatili na kuzuiwa kwenye maeneo waliyoyategemea, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafungwa. Hifadhi za kusini zilipoteza fedha kwa sababu suala la majirani liliachwa nyuma.

Ndiyo maana swali la majirani ni kiini cha mjadala huu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mkulima wa kandokando ya hifadhi nyingi, mgeni anakuja na mwenyeji haponi. Tembo wakila shamba la mahindi usiku mmoja, kanuni zinampa kifuta jasho. Mtu akiuawa, familia hupewa kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia kamili. Kaskazini, uwekaji wa mipaka ya kilomita za mraba 1,500 Loliondo mwaka 2022 na uhamishaji wa wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, vimeacha majeraha ambayo hayataponywa kwa matangazo ya utalii. Anayedhani wanyama wangestawi vizuri zaidi bila wafugaji aitazame historia ya nyumbu. Miaka ya mwanzo ya 1960 walikuwa robo milioni hivi. Walipanda hadi takriban milioni 1.3 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya sotoka kutoweka katika eneo hilo, na sotoka ilitoweka kwa sababu ng'ombe wa wafugaji wa jirani walichanjwa. Msafara wa nyumbu unaouzwa leo kwa maelfu ya dola ulijengwa, kwa sehemu kubwa, kwenye boma la ng'ombe.

Mifano ya kufanya vizuri ipo humu humu nchini. Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kimekuwa kikilipwa na kampuni kadhaa za utalii tangu katikati ya miaka ya 2000 ili nyanda ambazo nyumbu na pundamilia wa Tarangire huenda kuzalia zisilimwe. Wanakijiji wanaendelea kuchunga humo. Jumuiya za hifadhi za wanyamapori kama Ikona, Burunge na Enduimet zimeingia mikataba na wawekezaji kwa misingi hiyohiyo, ingawa mgao unaobaki kijijini baada ya makato umekuwa ukilalamikiwa, na malalamiko hayo ni ya haki. Kijiji kinachopokea fedha zake kwa wakati, kikiona hesabu zilivyofanywa, kitaulinda ushoroba bila kusimamiwa na bunduki. Kinachosubiri mgao kwa miaka miwili kitapima upya faida ya kulima ufuta.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wahifadhi: kuwatawanya wageni ni kuutawanya uharibifu, na Katavi imebaki nzuri kwa sababu haijafikiwa. Hofu hii ni nzito kuliko zote na haistahili kujibiwa kwa wepesi. Jibu lake ni mpangilio wa hatua. Kaskazini, vitanda na magari vilikuja kwanza na kanuni zikafuata nyuma zikihema. Kusini na magharibi bado kuna nafasi ya kutanguliza ukomo: idadi ya vitanda kwa hifadhi, magari kwa mnyama mmoja, watu kwa njia ya miguu, vyote viandikwe kabla mwekezaji wa kwanza hajachimba msingi. Zaidi ya hapo, kufungia milango si sawa na kulinda. Mto Ruaha Mkuu, uhai wa Hifadhi ya Ruaha, ulianza kukauka miezi ya kiangazi tangu miaka ya 1990 kutokana na maji yanayochotwa juu, bonde la Usangu. Hifadhi yenye wageni wachache na mapato madogo haina sauti kubwa panapogawanywa maji.

Linabaki suala la Watanzania wenyewe, ambalo huchukuliwa kama hisani. Hoja dhidi yao ni kuwa wanaleta fedha kidogo: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kisichozidi shilingi 10,000 kabla ya kodi katika hifadhi nyingi, wakati mgeni wa nje hulipa dola 60 au 70 kwa siku Serengeti. Mwaka 2020 ulionesha upande wa pili wa hesabu hiyo, wageni wa nje waliposhuka hadi 620,867 kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia. Soko la ndani haliwezi kuziba pengo la dola, lakini haliondoki na ndege ya mwisho. Na kizuizi chake kikubwa si kiingilio. Abiria wa basi la Iringa au Mbeya hukatiza Mikumi kwa barabara kuu, akawaona tembo, twiga na swala dirishani, kisha akapita. Kushuka na kuingia ndani kungemtaka akodi gari zima, na gari ni ghali mara nyingi kuliko tiketi. Magari ya pamoja yanayouza kiti kimoja kimoja kutoka kituo cha treni Morogoro au mji mdogo wa Mikumi, pamoja na mabweni nafuu ya wanafunzi, yangebadilisha mengi kwa gharama ndogo. Raia aliyetembea Udzungwa ni mpiga kura anayejua kinachopotea msitu ukikatwa, na hakuna kodi ya kitanda inayonunua ulinzi wa namna hiyo.

Ikiwa hoja hizi zina uzito, basi kipimo cha mafanikio kibadilike. Taarifa ya mwaka ya utalii itangaze, sambamba na idadi ya wageni, usiku waliolala katika kila ukanda, fedha zilizofika vijijini na tarehe zilipofika, idadi ya Watanzania waliotembelea hifadhi, na siku ambazo ukomo wa magari ulivunjwa kwenye vivuko vya Mara. Wizara inayopimwa kwa takwimu hizo italazimika kuitendea kazi Ruaha kama inavyoitendea kazi Serengeti, na kampuni zitajua kuwa kujaza kona moja ya mto hakutahesabika tena kama ushindi. Serengeti ina haki ya kupumzishwa, nayo itapumzika pale tu nchi itakapoamini kwa vitendo kwamba ina mengine ya kuonesha na watu wake wa kuwaonesha.